Fraktali, video ya mabati, na mbio zilizoishia kwa MPEG

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikisafisha diski ya zamani nikakuta folda ya mradi wangu wa mwaka wa nne chuoni. Ndani mna video moja ya sekunde 40 niliyoichukua hapa Kianda mwaka 2019, pamoja na programu niliyoiandika kwa C ya kuibana kwa fraktali. Nilitaka kuifuta nipate nafasi. Nimekaa nayo jioni tatu sasa.

Historia ya teknolojia hii huelezwa kwa namna moja kila mahali: wazo lilikuwa zuri, kompyuta zikawa polepole mno, wazo likafa. Nami niliamini hivyo nilipochagua mradi, nikadhani kazi yangu ni kuongeza kasi tu. Lakini hadithi hiyo ina kasoro. Kubana kwa fraktali kuliharakishwa, tena sana, na watu wengi werevu kuniliko. Kilichotokea baada ya kuharakishwa ndicho ninachotaka tuzungumzie leo.

Tuanze na wazo lenyewe, na nitalieleza kwa mfano wa hapa nyumbani. Kwa miaka mingi kila aliyeulizwa Kibera ina watu wangapi alijibu milioni moja. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mradi wa mwanasosholojia Mwitaliano, Stefano Marras, uliwafunza vijana wa hapa, wakapita nyumba hadi nyumba. Hawakupita Kibera nzima. Walipita kijiji kimoja, Kianda, kisha wakakadiria vijiji vingine kwa kuvilinganisha na hiki: huku kumebanana kama Kianda, kule ni kukubwa zaidi. Wakapata kati ya watu 235,000 na 270,000 kwa Kibera yote. Sensa ya serikali ya 2009 ikatoa 170,070. Tuache mabishano ya nani alikosea. Angalia mbinu tu: kipande kimoja kinaeleza vipande vingine, ukikuza hapa na kupunguza pale, na unakubali kosa fulani. Hiyo ndiyo fraktali.

Sasa tuihamishie kwenye picha. Chukua picha ya kijivu ya pikseli 256 kwa 256. Igawe vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8. Unapata vigae 1,024. Kwa kila kigae kidogo, tafuta ndani ya picha hiyohiyo kigae kikubwa cha 16 kwa 16 ambacho ukikipunguza nusu, ukakizungusha au kukipindua, ukarekebisha mwanga wake na tofauti ya weusi na weupe, kitafanana na kile kidogo. Ukikipata, huhifadhi pikseli hata moja. Unahifadhi maelezo: kigae hiki kimetoka kule, kimezungushwa hivi, mwanga umeongezwa kiasi hiki. Basi.

Kufungua faili ndiko kunakoshangaza. Unaanza na picha yoyote ile. Mimi nilianza na picha ya mbuzi. Unatekeleza maelezo kwa vigae vyote, mbuzi anachanika vipande. Unarudia. Ukifika mara ya nane au ya kumi mbuzi hayupo tena, yapo mabati ya Kianda. Hisabati yake ni ya zamani kuliko kompyuta: Stefan Banach alithibitisha mwaka 1922 kwamba kitendo kinachosogeza kila kitu karibu zaidi na kingine, kikirudiwa, huishia mahali pamoja tu popote ulipoanzia. Kurudia mara kumi ni kazi nyepesi, hata simu dhaifu inaimudu. Kutafuta ndiko kunakoua.

Aliyeligeuza wazo hili kuwa biashara ni Michael Barnsley, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifundisha Georgia Tech huko Atlanta. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Alan Sloan walianzisha kampuni ya Iterated Systems, na Januari 1988 wakaandika katika jarida la BYTE kwamba wameweza kubana picha kwa uwiano wa zaidi ya 10,000 kwa 1. Dunia ya kompyuta ikasimama kusikiliza. Kilichosomwa na wachache ni kwamba picha moja ya rangi yenye mambo mengi ilichukua kama saa 100 kubanwa na dakika 30 kufunguliwa, na kwamba kazi hiyo ilihitaji mtu wa kuiongoza. Ndipo ukazuka mzaha wa "algoridhimu ya mwanafunzi": mchukue mwanafunzi wa uzamili, mfungie chumbani na kompyuta, usimfungulie mpaka amalize.

Mzaha huo ulikaribia kuwa kweli. Aliyeitoa kazi mikononi mwa binadamu alikuwa mwanafunzi wa Barnsley mwenyewe, Arnaud Jacquin, katika tasnifu yake ya 1989, na makala yake ya 1992 ndiyo msingi wa kila kilichofuata. Vigae nilivyoeleza hapo juu ni vyake. Uwiano ukashuka kutoka maelfu hadi makumi, lakini sasa mashine ilijifanyia yenyewe. Microsoft wakaikodi teknolojia hiyo kwa ajili ya Encarta, ile ensaiklopidia yao ya CD, kuanzia toleo la 1993.

Hebu tuhesabu kazi ya mashine hiyo. Katika picha ya 256 kwa 256, kigae cha 16 kwa 16 kinaweza kukaa mahali 241 kwa 241, yaani 58,081. Kila kimoja kina mikao minane ukikizungusha na kukipindua: 464,648. Hayo ni ya kigae kidogo kimoja. Vipo 1,024, kwa hiyo ulinganisho ni milioni 476 hivi, na kila ulinganisho unagusa pikseli 64. Jumla ni hesabu bilioni 30 kwa fremu moja ya kijivu iliyo ndogo kuliko picha ya pasipoti. Video ina fremu 25 kwa sekunde.

Laptopu yangu ya mtumba ilichukua sekunde 40 kwa fremu moja. Video yangu ina fremu 1,000. Sekunde 40,000, yaani muda wa saa 11 na dakika kadhaa, ikiwa stima haitapotea. Usiku wa kwanza ilipotea. Usiku wa pili pia. Nikaandika upya programu iwe inahifadhi kazi kila baada ya fremu kumi (nawashauri wote mfanye hivyo kabla ya jambo lolote la maana), na usiku wa tatu mwenye nyumba akabisha mlango. Kodi yetu ilikuwa pamoja na stima, kwa hiyo feni inayonguruma usiku kucha ilimhusu.

"Kijana wangu, hiyo mashine inafanya kazi gani isiyoisha?"

"Mzee, inatafuta mabati yanayofanana."

Alinitazama kwa muda. "Yote yanafanana," akasema, akaenda kulala.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, na ndiyo sababu nilichagua video ile. Niliichukua kutoka ghorofa ya juu ya jengo moja upande wa Olympic, nikiangalia chini Kianda. Karibu yako mabati ambayo mikunjo yake unaweza kuihesabu. Kadiri jicho linavyokwenda mbali, mikunjo ileile inazidi kuwa midogo mpaka inakuwa mistari myembamba. Kutu inarudiarudia, kamba za nguo zinarudiarudia. Ni kama mtu aliitengeneza picha kwa ajili ya Jacquin. Faili ya saa 11 ilipokamilika niliikagua kigae kwa kigae kuona kila kimoja kimetoka wapi, na nikakuta paa za mbali zimeelezwa kwa paa za karibu. Bati la nyumba tisa kutoka hapa limetengenezwa kwa bati lililo chini ya miguu yangu, likapunguzwa nusu. Nilimwita mwenzangu aje aone saa tisa za usiku. Hakufurahi.

Basi nikaanza kuharakisha, na hapo nikawa napita njia waliyopita wengine bila kujua inakoelekea.

Hatua ya kwanza ni kutolinganisha visivyofanana. Jacquin mwenyewe aliviweka vigae katika makundi: visivyo na kitu, vyenye ukingo, na vya katikati. Yuval Fisher akaenda mbali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990: gawa kigae robo nne, panga robo kwa mwangaza wake na kwa jinsi mwangaza unavyotofautiana, unapata makundi 72. Kigae hulinganishwa na vya kundi lake tu. Fisher pia alieneza ule mgawanyo wa picha ambapo sehemu tulivu hupewa vigae vikubwa na sehemu zenye vurugu vigae vidogo, na kitabu alichokihariri mwaka 1995 ndicho nilichojifunzia. Hii ilinishusha kutoka sekunde 40 hadi 2 kwa fremu. Nilicheka peke yangu.

Mwaka huohuo wa 1995, Dietmar Saupe huko Freiburg, Ujerumani, alionyesha jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika historia hii. Alithibitisha kwamba kutafuta kigae kinachofaa ni sawa kabisa na kutafuta nukta iliyo jirani zaidi katika anga ya vipimo vingi, baada ya kuondoa mwanga na ukali wa kila kigae. Na kutafuta jirani ni tatizo ambalo wataalamu wa algoridhimu walikuwa wameshalitengenezea miti ya kutafutia. Badala ya kupita vigae vyote unashuka matawi. Idadi ya vigae ikiongezeka maradufu, unaongeza hatua moja hivi. Hakuna mkato wa kubahatisha, ni kulitazama tatizo vizuri. Kama historia ingeishia hapo, leo pengine tungekuwa tunatumiana fraktali.

Lakini hapo ni picha tu. Watu walitaka video, na video ilikuwa na pesa.

Waliojaribu kwanza walichukulia muda kama upande wa tatu. Meir Lazar na Leonard Bruton, huko Calgary, Kanada, walichapisha mwaka 1994 mbinu ambamo kigae si mraba tena bali ni kijisanduku, chenye upana, urefu na muda. Unatafuta kijisanduku kikubwa kinachofanana na kidogo. Ni wazo safi, na utafutaji wake ni mzito kuliko wa picha. Iterated Systems nao walikuwa na bidhaa ya video iliyoitwa ClearVideo. Mvuto wake ulikuwa kwamba kufungua hakuhitaji kifaa chochote cha ziada. Wakati huo MPEG-1, iliyotoka 1993, ilizishinda kompyuta nyingi za kawaida mpaka uongezewe kadi yenye chipu yake.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kwa watu wa mitaa kama yetu mpangilio huo wa fraktali ulikuwa na maana sana. Mmoja mwenye mashine kubwa anabana mara moja. Maelfu wenye mashine dhaifu wanafungua. Nilipokuwa mtoto tulilipa shilingi 10 kuingia kibanda cha video, na diski ile moja ilichezwa mpaka ikakwaruzika. Saa 100 za kubana hazimsumbui mtazamaji. Lakini kilichofika kwenye vibanda hakikuwa fraktali, kilikuwa VCD, yaani MPEG-1 yenyewe: dakika 74 kwa diski moja, kilobiti 1,150 kwa sekunde. Chipu iliyokuwa ghali mwaka 1993 ilishuka bei kwa sababu viwanda vya Uchina viliitia ndani ya mashine za VCD kwa mamilioni. Faida ya fraktali ya kutohitaji chipu ikaisha chipu ilipokuwa ya bei ya mchele.

Nirudi kwenye mradi wangu. Miti ya Saupe ilinishinda kuiandika kwa wakati (nakiri), na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa inakaribia. Nikaona mkato mwingine ulio dhahiri. Katika video, fremu hii na iliyotangulia hufanana mno. Kwa nini nitafute picha nzima? Nitatafuta katika fremu iliyopita tu, pikseli saba kila upande kutoka pale kigae kilipo. Na kwa kuwa vitu haviwi vidogo nusu ndani ya sehemu ya 25 ya sekunde, sihitaji kigae kikubwa: cha 8 kwa 8 kwa cha 8 kwa 8. Sihitaji kukizungusha wala kukipindua. Mahali pa kutafuta pakawa 15 kwa 15, yaani 225, badala ya 464,648. Kwa fremu nzima ni ulinganisho 230,400 badala ya milioni 476: pungufu zaidi ya mara 2,000. Fremu ya kwanza tu ya kila kundi la fremu 25 niliiacha ibanwe kwa fraktali kamili ya makundi ya Fisher.

Saa 11 zikawa chini ya dakika mbili. Nilikwenda kuwasilisha nikiwa nimevaa tai.

Mwalimu wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akachukua kalamu, akaandika ubaoni maneno matatu: "vekta ya mwendo". Akaketi. Hakuongeza kitu, na hakukuwa na haja. Fremu moja kamili, kisha kila kigae cha fremu zinazofuata kielezwe kwa kigae cha ukubwa uleule kilichosogea kidogo kutoka fremu iliyopita: hiyo ni MPEG. Ilikuwa kwenye diski za kibanda cha shilingi 10. Nilikuwa nimetumia miezi saba kuivumbua upya, tena toleo bovu, kwa sababu wao wana njia nzuri ya kuhifadhi masalia ya makosa na mimi sina.

Nilipata alama za kutosha. Lakini jioni hiyo nilirudi kwenye majarida nikiwa na jicho jingine, nikaona kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 1998 watafiti watatu wa Korea Kusini, Kim, Kim na Lee, walichapisha mojawapo ya mbinu bora za video ya fraktali. Ukiisoma, kigae kinatabiriwa kutoka fremu iliyotangulia, na kigae chanzo kina ukubwa uleule. Walibakiza ufraktali kwa ujanja mmoja mzuri: fremu ya kwanza ya kundi inatabiriwa kutoka fremu ya mwisho, kama nyoka aliyeuma mkia wake, kwa hiyo hakuna fremu inayohifadhiwa kamili na bado unaweza kuanza na picha ya mbuzi. Ukiuondoa mkia ule, unabaki na jirani yake MPEG.

Ndiyo maana nasema hadithi ya kompyuta polepole haitoshi. Tulichokikata ili tupate kasi ndicho kilichokuwa kinatupa faida. Katika faili yangu ya saa 11, bati la mbali linaelezwa na bati la karibu. Katika faili ya dakika mbili, karibu kila bati linaelezwa na lenyewe, lilivyokuwa nukta iliyopita. La pili ni rahisi kulipata kwa sababu halisemi kitu kipya kuhusu mabati.

Wengine watasema leo tuna GPU, tutafute kote bila mkato. Nimelipigia hesabu hilo pia. Hesabu bilioni 30 si kitu kwa GPU ya kisasa. Lakini hakuna anayetaka pikseli 256 tena. Ukizidisha upana na urefu wa picha mara mbili, vigae vya kueleza vinakuwa mara nne na mahali pa kutafuta panakuwa mara nne, kwa hiyo ulinganisho ni mara 16. Fremu ya 1920 kwa 1080 inataka ulinganisho bilioni 526, zaidi ya mara 1,000 ya ile yangu. Mashine zilikimbia, na vioo vya simu vikakimbia nazo.

Tena yule mtu mmoja mwenye mashine kubwa, anayebana kwa niaba ya maelfu, hakudumu. Hadi 2009 Kenya ilikuwa inategemea setilaiti kwa intaneti ya nje. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa. Mwaka 2010 vijana wa Kibera walianza Kibera News Network, ndani ya mradi wa Map Kibera, wakipiga picha habari za mitaa hii kwa kamera ndogo za Flip na kuziweka YouTube. Kamera ile ya mfukoni ilibana video palepale inapochukuliwa, kwa chipu iliyokuwa ndani yake. Cisco waliacha kuitengeneza mwaka 2011, simu zikaichukua kazi hiyo, na tangu hapo kila mtu Kianda anabana video mwenyewe, akiwa amesimama, betri ikiwa asilimia 12. Huyo huwezi kumwambia asubiri muda wa saa 11 ndipo atume habari ya moto.

Iterated Systems ilibadilisha jina kuwa MediaBin mwaka 2001, ikauza programu za kupanga mafaili ya picha, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Interwoven. Hataza za Barnsley na Sloan za 1990 na 1991 zimekwisha muda wake, kwa hiyo yeyote anaruhusiwa kuendelea walipoachia. Mimi nimeanza kuandika ile miti ya Saupe iliyonishinda, jioni, taratibu, safari hii bila tarehe ya kuwasilisha. Nataka nione itachukua muda gani video ileile bila kukata utafutaji.

Faili ya saa 11 bado inafunguka vizuri. Unaweza kuifungua kwa ukubwa wowote, maana haina pikseli, ina maelezo tu. Juzi niliifungua mara nne ya ukubwa wake na mabati yakapata mikunjo ambayo kamera yangu haikuwahi kuiona. Nilimwonyesha mwenye nyumba. Aliangalia sana kona ya chini kushoto, akasema lile paa lake lenye kiraka alishaling'oa, na mabati mapya ni ya bluu.